Hofu ya Hisabati Haizaliwi, Hufundishwa

Katika kituo cha biashara cha Benaco, wilayani Ngara, malori yaendayo Rusumo husimama asubuhi na jioni. Watoto wauzao ndizi mbivu na karanga huyakimbilia mara yasimamapo. Chukua mfano wa mtoto auzaye ndizi tatu kwa shilingi 500. Dereva anataka ndizi kumi na tano, naye anatoa noti ya shilingi 10,000. Punde si punde chenji iko tayari: shilingi 7,500. Mtoto hakushika kalamu wala karatasi. Alihesabu kwa mafungu: tatu ni mia tano, sita ni elfu moja, tisa ni elfu na mia tano, kumi na mbili ni elfu mbili, kumi na tano ni elfu mbili na mia tano. Kisha akapanda kutoka hapo hadi elfu kumi. Tena mteja akiwa ametoka ng'ambo ya daraja, akataka kulipa kwa faranga za Rwanda au za Burundi, mtoto huyo hulinganisha bei mbili kwa wakati mmoja.

Siku ya pili mtoto huyo huyo yumo darasani. Ubaoni imeandikwa hesabu: 10,000 − (15 ÷ 3) × 500. Anaitwa mbele. Mkono unatetemeka, chaki inadondoka, wenzake wanacheka. Akirudi kwenye dawati lake amekwisha kujiambia jambo moja ambalo huenda likamfuata maisha yake yote: "Mimi hesabu zinanishinda."

Hesabu ya sokoni na ile ya ubaoni ni moja. Akili ni ileile, na mtoto ni yule yule. Basi kilichobadilika ni nini?

Swali hili si dogo. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne ya mwaka 2021 na ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano nchini Tanzania alifaulu Hisabati. Mwaka 2023 waliofaulu walikuwa karibu robo. Hali hii ni ya taifa zima, lakini uzito wake huonekana wazi zaidi katika wilaya za pembezoni kama Ngara na Biharamulo. Wilaya hizi zina nikeli ya Kabanga, dhahabu ya Biharamulo, na umeme wa maporomoko ya Rusumo. Kazi hizo zote huhitaji mafundi, wapimaji na wahandisi. Hata muuguzi wa zahanati hawezi kumpimia mtoto mgonjwa dawa asipojua uwiano. Kijana aliyeikimbia hisabati kwa hofu hujifungia milango hiyo kabla hajaifikia.

AKILI ILEILE, MAHALI TOFAUTI

Watafiti walikwisha kulichunguza jambo linalofanana na la watoto wa Benaco. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, nchini Brazili, juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Watafiti walijifanya wateja wa kawaida, wakanunua nazi na matunda, wakauliza bei na chenji. Katika maswali hayo ya sokoni watoto walijibu sawasawa kwa asilimia 98. Baadaye watoto hao hao walipewa maswali yenye namba zinazofanana na zile, lakini kwa namna ya shule. Katika maswali ya maelezo walipata asilimia 74. Katika hesabu tupu, zenye namba na alama peke yake, walipata asilimia 37.

Mtoto mmoja alipotakiwa kueleza bei ya nazi kumi, kila moja ikiwa cruzeiro 35, hakuongeza sifuri kama shule ifundishavyo. Alianza na nazi tatu, ambazo alijua ni 105. Akaongeza tatu nyingine, kisha tatu nyingine, kisha moja, akafika 350. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni sahihi, na kila hatua yake ina maana kwa aitumiaye. Ndiyo njia ya muuza ndizi wa Benaco pia.

Fundisho la Recife ni kwamba mtoto anayeshindwa ubaoni si lazima awe mtoto asiyeweza kuhesabu. Huenda akawa mtoto ambaye hajaonyeshwa kwamba hesabu ya ubaoni ni ndugu wa ile aijuayo. Na pengo hilo lisipozibwa mapema, hujazwa na hofu.

HISIA, MTAZAMO NA IMANI

Wataalamu wa elimu hutofautisha mambo matatu yaliyomo moyoni mwa mwanafunzi wa hisabati. Maelezo yatumiwayo sana ni yale ya Douglas McLeod wa Marekani, aliyoyatoa mwaka 1992.

La kwanza ni hisia. Hizi ni hofu, aibu, hasira au furaha zimjiazo mtu papo hapo. Huwa kali, lakini hupita upesi. Aliyekwama katika swali hukasirika. Akilipata jibu hufurahi, na hasira imekwisha.

La pili ni mtazamo. Huu huzaliwa pale hisia moja inaporudiwa mara nyingi. Mwanafunzi aliyeaibika mara moja ubaoni atasahau. Aliyeaibika kila wiki kwa mwaka mzima hatasahau. Ataanza kulichukia somo lenyewe, hata siku ambayo hakuna wa kumcheka.

La tatu ni imani, yaani yale ambayo mtu huyachukua kuwa kweli: kwamba hesabu ni kipaji cha wachache, kwamba wasichana hawaziwezi, kwamba kila swali lina njia moja tu, ile ya mwalimu. Imani haina kelele kama hisia, lakini ndiyo ngumu kuing'oa kuliko zote.

Hapa Tanzania, Mzomwe Yahya Mazana, Calkin Suero Montero na Respickius Olifage Casmir walichapisha mwaka 2019 uchunguzi juu ya mtazamo wa wanafunzi wa Tanzania Bara kuhusu hisabati. Waliwahoji wanafunzi 419 wa shule za msingi, 318 wa sekondari na 132 wa vyuo. Waliyoyakuta yanastahili kukumbukwa na kila mwalimu: mwanzoni watoto huwa na mtazamo mwema kuhusu hisabati, nao hupungua kadiri wapandavyo madarasa. Kwa maneno mengine, mtoto haji shuleni akiwa na chuki ya hesabu. Huipatia njiani.

Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba uhusiano kati ya mtazamo na alama za mtihani upo, lakini si wa nguvu sana. Hapana budi jambo hilo lisemwe wazi. Moyo mkunjufu peke yake haumfundishi mtu aljebra. Mazoezi, vitabu na walimu bado vyahitajika. Lakini vyote hivyo hupungua thamani vikimkuta mwanafunzi ambaye amekwisha kujihukumu.

HOFU INAVYOZUIA HESABU

Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi huogopa kwa sababu hajui. Ni kweli mara nyingi, lakini kinyume chake pia ni kweli: mwanafunzi huweza kushindwa kwa sababu anaogopa.

Angalia jinsi akili inavyofanya kazi katika hesabu ndogo ya 47 + 38 isiyoandikwa. Saba na nane ni kumi na tano. Akili huweka tano kando, hubeba moja, hujumlisha nne na tatu, hukumbuka ile moja iliyobebwa, hupata nane, kisha hurudi kuichukua ile tano. Jibu ni 85. Muda wote huo kuna vitu viwili au vitatu vinavyoshikiliwa kwa pamoja. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi namna hiyo ni kama meza ndogo: ikijaa, kitu huanguka.

Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk wa Marekani walionyesha kwamba watu wenye hofu kubwa ya hisabati hupungukiwa na nafasi ya meza hiyo wakati wa kuhesabu, na kwamba hukosea zaidi hasa katika hesabu za kubeba. Sababu si upumbavu. Hofu yenyewe ni mzigo. Anayewaza "nitachekwa", "nitachapwa", "nitashindwa tena" amekwisha kuijaza meza yake kwa mawazo hayo, na ile moja iliyobebwa haina pa kukaa.

Ndiyo maana fimbo na kejeli havifundishi hesabu. Vinaweza kumfanya mtoto anyamaze au akariri, lakini vinaiba nafasi ile ile anayoihitaji ili afikiri.

IMANI ZIPOTOSHAZO

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taasisi moja ya utafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, nchini Ufaransa, ilitoa habari ya swali lililowashangaza wengi. Watoto wa shule ya msingi waliulizwa hivi: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichanganya namba zile. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza shuleni kwamba kila swali la hesabu lina jibu, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuzifanyia namba jambo fulani. Mwuza ndizi wa Benaco akiulizwa swali hilo sokoni atacheka. Akiulizwa darasani, huenda akajibu 36.

Imani ya pili ni kwamba hisabati ni orodha ya kanuni. Kila mwanafunzi wa Tanzania aijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo husaidia kumbukumbu, lakini likishikwa bila kufikiri huweza kupotosha. Ikiwa swali ni 12 − 4 + 3, wapo watakaosema kwamba kujumlisha hutangulia kutoa. Hivyo 4 na 3 ni 7, na 12 toa 7 ni 5. Jibu hilo si sahihi. Kujumlisha na kutoa ni sawa kwa cheo, nazo hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye shilingi kumi na mbili, akalipa nne, kisha akapewa tatu, hana shilingi tano mkononi. Anazo kumi na moja. Mtoto wa sokoni hawezi kukosea hapo, kwa sababu anajua kinachotendeka. Kanuni bila sababu humnyang'anya mtu hata kile alichokijua.

Imani ya tatu ni kwamba mwenye akili hujibu upesi. Alan Schoenfeld wa Marekani aliwauliza wanafunzi wa sekondari ni muda gani wautosheleza mtu kutambua kwamba swali haliwezekani. Wastani wa majibu yao ulikuwa karibu dakika 12. Linganisha na Andrew Wiles, mwanahisabati wa Uingereza, ambaye mwaka 1986 alianza kulishughulikia swali lililoachwa na Fermat katika karne ya 17. Mwaka 1993 alitangaza kwamba amelipata. Kosa likagunduliwa katika kazi yake. Akalisahihisha mwaka 1994, na mwaka 1995 jibu likachapishwa. Miaka ile ya kukwama haikuwa dalili ya kukosa akili, bali ndiyo hisabati yenyewe.

KIVUKO CHA LUGHA

Mtoto wa Ngara aghalabu huanza kuhesabu nyumbani kwa Kihangaza au Kishubi. Wa Biharamulo huweza kuanza kwa Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, hisabati hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo, kufikia umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, amekwisha kuvuka mito miwili.

Istilahi nyingi za Kiswahili hujieleza zenyewe. Pembetatu ni umbo lenye pembe tatu. Kigawe kidogo cha shirika ni namba ndogo kuliko zote ambayo namba mbili huishirikiana. Mwanafunzi anayezijua hizi, kisha akakutana na majina mageni, huweza kudhani kwamba ameipoteza hisabati yenyewe, hali amepoteza jina tu. Hapo ndipo hupatikana yule ambaye darasa la saba alikuwa wa kwanza, na kidato cha kwanza anakaa nyuma akiwa kimya.

Mwalimu atambuaye jambo hilo hatakimbilia kusema kwamba mwanafunzi ni mzito. Kwanza atamwuliza aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, swali linataka nini. Ikiwa anaweza kulieleza kwa Kiswahili na kulitatua, basi tatizo lake ni lugha, nalo lina dawa yake. Ikiwa hawezi, ndipo hisabati yenyewe itakapohitaji kurudiwa.

MWALIMU NAYE

Si mwanafunzi peke yake aliyebeba hisia zake darasani. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya walimu wanawake 17 wa madarasa ya kwanza na ya pili nchini Marekani. Mwisho wa mwaka ilionekana kwamba kadiri mwalimu alivyoiogopa hisabati, ndivyo wasichana wake walivyozidi kuamini kwamba hesabu ni za wavulana. Na wasichana walioamini hivyo walipata alama za chini. Mwanzoni mwa mwaka uhusiano huo haukuwapo.  Huenda waliisoma hofu yake. Ndivyo wahenga walivyosema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwalimu afundishaye wanafunzi wengi kwa vitabu vichache hastahili kulaumiwa kwa kila kosa. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha. Mwalimu akikwama mbele ya darasa, kisha akasema kwa utulivu, "Hapa nimekosea, na tutafute wapi," amewafundisha wanafunzi zaidi ya hesabu ile. Amewaonyesha kwamba kosa ni sehemu ya kazi, na kwamba mtu mzima hukwama bila aibu.

NAMBA ZA NGARA NA BIHARAMULO

Njia mojawapo ya kuiponya hofu ni kuirudisha hisabati mahali mwanafunzi anapoiona maana yake. Wilaya hizi mbili hazikosi mifano.

Mtambo wa umeme wa Rusumo una uwezo wa megawati 80, nao hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kila nchi hupata kiasi gani? Mwanafunzi akigawa 80 kwa 3 atakuta 26.666, na sita hazitakwisha. Hapo hapo lazuka swali la kweli: kitu kisichokwisha kwa desimali kinawezaje kugawanywa sawasawa? Jibu lake, 26⅔, huonyesha kwa nini sehemu zinahitajika hata baada ya desimali kujulikana.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa karibu saa 24, wakakusanyika Benaco. Kiwango cha chini kinachotumiwa leo katika huduma za dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Umati ule ungehitaji lita ngapi? Mwanafunzi atazidisha apate 3,750,000. Ikiwa gari moja la maji hubeba lita 10,000, zingehitajika safari 375 kila siku. Kila sifuri katika hesabu hiyo ni maisha ya watu. Wapo wazee wa Ngara waliokiona kiu kile kwa macho yao. Mwanafunzi aliyelifanya swali hilo hawezi tena kusema kwamba hisabati ni mchezo wa alama usio na kazi.

Maswali ya namna hii yapo kila kijiji: debe za mahindi, uzito wa kahawa, mgawanyo wa shamba kati ya ndugu. Hata ubao wa bao ni somo, kwa kuwa mchezaji hodari huhesabu kete kabla hajazigusa. Jambo la lazima ni kwamba mwalimu asiishie sokoni. Baada ya mtoto kueleza njia yake ya mafungu, hapana budi aonyeshwe kwamba kuongeza mafungu matano ya 500 ndiyo maana ya 5 × 500, na kwamba alama za ubaoni ni ufupisho wa kile alichokwisha kukifanya. Hapo ndipo pengo huzibwa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa mwalimu, hatua ni nne. Aulize njia kabla ya kuuliza jibu. Atoe muda wa kufikiri kabla ya kumwita mtu ubaoni. Alichukue kosa kama habari ya mahali pa kufundisha, wala si sababu ya adhabu. Na awaite wasichana na wavulana kwa usawa, hasa katika maswali magumu.

Kwa mwanafunzi, hatua ni chache pia. Akikwama, aandike yale anayoyajua, kisha yale yatakiwayo, hata kama njia ya kuviunganisha bado haionekani. Ajaribu swali hilo hilo kwa namba ndogo. Amweleze mwenzake. Na aulize bila haya, kwani kuuliza si ujinga.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba au mama asemaye mbele ya mtoto kwamba "ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu" hukosea mara mbili. Kwanza, si kweli. Ukoo unaolima, unaouza na unaoweka akiba huhesabu kila siku. Pili, mtoto humsadiki.

Haba na haba hujaza kibaba. Hofu ya hisabati ilijazwa kidogo kidogo, kwa cheko moja, kwa fimbo moja, kwa kanuni moja isiyoelezwa. Ujasiri nao hujazwa vivyo hivyo: kwa swali moja lililoeleweka, kwa kosa moja lililosahihishwa bila kejeli. Mwuza ndizi wa Benaco anahesabu tayari. Kinachosubiriwa ni darasa litakalomwambia kwamba kile akifanyacho kando ya barabara ndicho kilichoandikwa ubaoni.